Mama Mkuu wa Sikukuu ya Watu wa Iloilo

Jumapili ile alasiri, katika ukumbi mmoja wa Al Nahda, Dubai, Eseza Nakimuli alisimama mbele ya watu akiwa na shada la maua meupe shingoni na mshumaa mrefu mkononi, akasubiri apewe zawadi yake. Alikuwa na hakika ameshinda bahati nasibu. Muda si mrefu kabla ya hapo watu wawili walikuwa wameitwa mbele, mmoja akapewa sufuria ya umeme ya kupikia wali na mwingine taulo, naye akajiambia kwamba kama zamu yake imefika, basi afadhali sufuria.

Badala ya sufuria walikuja watoto. Walipanga mstari, na kila mmoja aliushika mkono wake, akainama, akaugusisha kwenye paji la uso wake, akaenda zake. Baada ya watoto wakaja watu wazima, wakamkumbatia. Mama mmoja alikuwa analia. Eseza naye akalia kidogo, maana hakutaka kuonekana ana moyo mgumu, huku macho yake yakiitafuta meza ya zawadi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Mityana nchini Uganda, kitindamimba katika nyumba ya watoto wengi. Kwao kitindamimba hakabidhiwi jambo. Harusi zilipopangwa aliambiwa aoshe vyombo, na misiba ilipotokea aliambiwa aoshe vyombo. Alipokuja Dubai aliajiriwa ulinzi kwenye ghala la vigae kule Al Quoz, akawaacha wanawe wawili kwa dada yake Fortunate, na tangu hapo maisha yake yakawa geti, basi la kampuni na usingizi. Siku ya mapumziko alifua sare, akapiga simu nyumbani, akalala tena.

Kambi ya kampuni ilikuwa ya wanaume, kwa hiyo walinzi wanawake walijitafutia pa kulala. Eseza alikodi kitanda katika chumba cha Wafilipino, wote watu wa mji mmoja uitwao Iloilo. Mkubwa wao alikuwa Rhodora, mtengeneza kucha wa saluni, ambaye wenzake walimwita Manang, yaani dada mkubwa, na Eseza akamwita hivyo hivyo. Hawa hawakujua kulala Jumapili. Leo wana mashindano ya mpira wa kikapu, wiki ijayo wanafanya mazoezi ya ngoma, mara wanasherehekea siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hata Dubai hayupo. Rhodora alikuwa akimtikisa mguu na kumwambia, "Eseza, amka, kuna chakula." Naye alikwenda kwa ajili ya chakula. Alibeba masufuria, akapakata watoto wa watu, akapiga makofi wenzake walipopiga, na hakuna aliyemweleza kitu, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba haelewi.

Siku ile ya ukumbini ilikuwa sikukuu ya Mama wa Mishumaa, yaani Bikira Maria, ambayo kwao Iloilo huadhimishwa mwezi wa pili. Asubuhi walikwenda misa, mchana wakahamia ukumbini kula na kucheza. Ndipo aliposimama Nenita, mwanamke mnene mpole aliyekuwa akilea wazee majumbani, na ambaye wiki ile alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Alisema maneno mengi kwa lugha yao. Ukumbi ukatulia. Akamgeukia Eseza, akamuuliza jambo. Eseza hakuambulia neno hata moja, ila alisikia jina lake, akafanya afanyavyo Mganda yeyote akiitwa: akainua nyusi, kama kusema naam, nakusikia. Ukumbi mzima ukaripuka kwa makofi, naye akavishwa shada na kupewa mshumaa. Hakujua kwamba kwa Wafilipino nyusi zikiinuka, mtu amekubali.

Mambo ya ajabu yalianza Jumatatu. Kwenye kituo cha basi mwanamke asiyemjua alimwita "Hermana" na kumpa maandazi ya moto. Jioni kijana mmoja alimfuata hadi mlangoni akiwa na vipande viwili vya kitambaa, kimoja cha buluu, kingine cha rangi ya dhahabu, akamtaka achague. Eseza akachagua buluu. Kijana akashukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo. Siku mbili baadaye simu yake ikawa hailali kwa ujumbe wa kundi ambalo hakukumbuka kujiunga nalo.

Kazini alimsimulia Twaibu, mlinzi mwenzake wa getini, mtu wa upande wa Arua huko huko Uganda, mwenye maneno mengi na saumu zisizokatika.

"Wamekuvisha kilemba cha ukoka, dada Eseza," Twaibu akasema. "Mtu hapewi maandazi bure hapa. Waulize wanataka nini."

"Nitaulizaje kitu ambacho nimeshakubali?"

"Ulikubali nini?"

"Hapo ndipo sijui."

"Basi hama chumba," Twaibu akasema, akaenda kufungulia lori geti.

Eseza hakuhama. Alimngoja Rhodora jikoni, akasimama kando ya jiko la gesi mpaka mwenzake akapunguza moto.

"Manang, kwa nini wananiita Hermana?"

Rhodora akacheka, kisha akaona uso wa Eseza, akaacha. "Kwa sababu wewe ndiye Hermana Mayor. Mama mkuu wa sikukuu ya mwakani. Nenita alikukabidhi, ukakubali mbele yetu sote."

"Mimi? Mimi si mtu wa kwenu. Hata Mkatoliki si mimi, mimi ni Mprotestanti."

"Nenita aliulizia hilo kwa wakubwa wa chama. Wakasema hakuna sheria inayokataza. Hakuna sheria kwa sababu halijawahi kutokea."

"Na mama mkuu anafanya nini?"

Rhodora akaanza kueleza, akafika katikati, akakwama. Kuna anayepika, kuna anayefundisha ngoma, gharama wanachangiana wote. Mama mkuu ndiye anayeulizwa. Anaulizwa kila kitu, na akishasema, ugomvi umekwisha. Eseza alisikiliza akazidi kupotea. Maisha yake yote hakuna aliyemuuliza kitu.

Walimpigia simu Nenita, ambaye sasa alikuwa barazani kwake Iloilo, na nyuma yake majogoo wakiwika. Eseza akamuuliza kwa nini amemchagua yeye.

"Kwa ajili ya ule uji," Nenita akasema. "Nilipougua homa, nikawa nalala pale kwenu chumbani, wote walinitumia ujumbe wa pole. Wewe ulipika uji, ukauweka karibu na kichwa changu, hukusema neno. Nikasema, huyu ndiye."

Eseza alishukuru, simu ikakatwa, naye akabaki ameishika. Uji ule aliukumbuka vizuri. Alikuwa amejipikia mwenyewe, ukamzidi, akatafuta pa kuuweka, na karibu na kichwa cha Nenita palikuwa na kimeza. Hakumwambia Rhodora. Hakujua angesema nini, wala kama kusema kungekuwa uungwana au ukatili.

Mwaka ule alijaribu kujiuzulu mara kadhaa. Mara ya kwanza alifika mkutanoni akakuta wacheza ngoma wamegawanyika makundi mawili, hawasemezani, na kabla hajafungua mdomo Analyn, mwalimu wa ngoma, akamsihi aamue nani atangulie. Eseza akasema watangulie watoto. Wote wakatingisha vichwa kwa kukubali, ugomvi ukafa palepale. Aliporudi kitandani alijiuliza alichosema kilikuwa na hekima gani. Hakuiona. Alisema watoto kwa sababu walikuwa wanasinzia.

Mara nyingine alikwenda na maneno yake ameyapanga kichwani, akakuta wamemshonea gauni la buluu lenye mikono mipana iliyosimama mabegani kama mbawa. Lilimkaa sawasawa. Hakujua nani alimpima. Maneno yakamtoka kichwani, akarudi nyumbani na gauni.

Dada yake Fortunate alipoiona picha ya gauni, alipiga simu papo hapo. "Unaolewa, na hukutuambia?"

"Siolewi. Nimekuwa mkuu wa sikukuu."

"Sikukuu ya nani?"

"Ya watu wa Iloilo."

"Iloilo ndiyo nini?"

"Mji."

"Umewahi kufika?"

"Sijafika."

Fortunate akasema kwa sauti ya chini, kama anayesema na mgonjwa, kwamba watoto wote wazima, na kama kuna jambo linamsumbua, aseme tu.

Sikukuu ikafika. Supavaiza alimbadilishia zamu bila kinyongo, jambo ambalo nalo lilimshangaza. Misani asubuhi Eseza alikaa benchi la nyuma, kwa kuwa tangu utotoni alifundishwa kutopiga magoti mbele ya sanamu, na alikuwa hajapata wa kumwambia kama kukaa tu kunahesabika. Mchana ukumbini walikuja watu kupita mwaka uliotangulia. Twaibu naye alikuja, na kwa mazoea akasimama mlangoni kama analinda, mpaka Rhodora akamshika mkono akamketisha mbele ya sahani ya samaki. Watoto walitangulia. Walikosea hatua, mmoja akaenda kwa mama yake katikati ya ngoma, na watu wakapiga makofi zaidi ya walivyopigia wakubwa.

Kisha Analyn akampa kipaza sauti. Hakuna aliyemwambia kwamba mama mkuu huhutubia. Eseza alisimama na zile mbawa za buluu mabegani. Akaanza kwa Kiingereza, kikamwishia. Akaingia Kiganda. Alisema kwamba kwao yeye ni mtu wa kuosha vyombo, kwamba hajui amefikaje hapa, kwamba anawashukuru na kwamba samaki ni watamu. Mle ndani pengine watu watatu walimwelewa. Lakini walinyamaza wote, na wanawake wengine wakajipangusa macho, kama walivyofanya mwaka jana, na mpaka leo hajui walilia kwa nini.

Alimkabidhi Analyn mshumaa, awe mama mkuu wa mwakani, baada ya kumuuliza kwa Kiingereza, polepole, mara mbili. Akavua gauni, akaenda jikoni, akakunja mikono ya blauzi aanze masufuria. Wanawake wawili wakamtoa kwa nguvu, wakamrudisha kitini.

Siku iliyofuata, kwenye kituo cha basi, waliendelea kumwita Hermana. Alimuuliza Rhodora cheo hiki kinaisha lini. Rhodora alifikiri sana, akapiga simu kwa wakubwa wa chama, akarudi akiwa anajikuna shingo.

"Hawajui," akasema. "Wanauliza wewe unaonaje."