Mwalimu Wangu Alizaliwa Uani Kwetu

Nilijifunza kusoma Kurani nikiwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili, na aliyenifundisha alikuwa mtoto wa mjakazi wa nyumba yetu. Nalisema hili mapema kwa sababu Bagamoyo ni mji unaopenda kusahau, na mimi sipendi kusahaulishwa.

Ilikuwa miaka ya vita vya pili, nguo zilipoadimika hata kanga moja ikavaliwa mpaka maua yake yakafutika. Shehe mmoja aliwakusanya watu wa zikri nyuma ya soko. Wanaume walikuwa na siku zao. Sisi wanawake alitupa Alhamisi baada ya laasiri, uani kwa mkewe, tusome kwanza ndipo tushikane mikono tumdhukuru Mungu. Sharti lake lilikuwa moja: aliyetangulia kusoma amfundishe anayemfuata, na mwanafunzi ambusu mwalimu wake mkono. Hakuuliza nani binti wa nani. Hilo ndilo lililowaudhi wakubwa wa mji, wakasema shehe huyu anavunja heshima za watu.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mama yangu. Alikuwa amepooza upande mmoja, na kaka zangu wote walikufa wadogo. Kila nilipomlisha uji aliniuliza, "Nani atanisomea Yasini nikiwa nakata roho, mwanangu? Nisomewe na watu wa kuokoteza?" Alitaka sauti ya mwanawe. Basi nikaenda nijifunze, nikidhani nitafundishwa na mke wa shehe mwenyewe, maana niliona ndiye wa kiwango changu.

Mke wa shehe akanionyesha mkeka wa pembeni. Aliyekaa pale nilimjua tangu sijaota meno. Mama yake alikuwa mjakazi wa babu yangu, naye akazaliwa uani kwetu, mwaka mmoja na mama yangu. Watu wa namna yake tuliwaita wazalia. Utumwa serikali ilikwisha kuufuta, naye alikuwa na shamba lake la mihogo Makurunge, lakini kila alipopita kwetu aliishia uani, akaniamkia shikamoo mimi ambaye angeweza kunizaa. Na mimi nilikuwa naitikia.

Siku ile pia alianza yeye. "Shikamoo, bibi mdogo."

"Marahaba," nikajibu, mdomo umeshazoea.

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Mke wa shehe hakunigombeza. Alisema tu, "Hapa hatuamkiani hivyo. Anzeni upya." Uso uliniwaka. Nikajitanda kanga yangu, nikaondoka bila kuaga.

Alhamisi mbili sikwenda. Ya tatu mama akaniuliza nimefika wapi katika masomo. Nikarudi. Niliinama, nikamwambia shikamoo, nikambusu mkono wenye sugu za jembe, na machozi yakanitoka. Yalikuwa machozi ya hasira, si ya toba, sitajipamba hapa. Toba ilikuja polepole, kama zilivyokuja herufi. Nilipokosea hakunicheka wala hakunikatiza. Alisubiri, kijiti chake kimetua chini ya neno, mpaka nilione kosa mwenyewe. Sijawahi kusubiriwa hivyo na mtu yeyote, hata mume wangu. Nikaanza kumpenda, na nilipompenda nikaona aibu ya miaka yote niliyomwitikia.

Si mimi peke yangu niliyegeuka. Wanawake waliokuwa hawali sinia moja wakawa wanakula. Akifiwa mzalia, mabinti wa nyumba za mawe walikwenda kukaa matanga, wakateka maji na kukatakata vitunguu kama wengine. Baadaye siasa zilipokuja, wasemaji wakatuhutubia kwamba watu wote ni sawa, sisi wa Alhamisi tulitazamana tukatabasamu. Tulikwisha kulipata somo hilo kwa shida, tukiwa tumepiga magoti.

Lakini mama sikumwambia nani ananifundisha. Niliogopa atasema Yasini ya namna hiyo haitaki, na ningekuwa nimemnyima kitu pekee alichoniomba.

Mvua za masika zilipoanza hali yake ikawa mbaya. Asubuhi moja hakumeza hata maji. Nikamtuma mtu amwite mwalimu wangu, akae karibu nisije nikababaika. Alikuja, akakaa uani chini ya dirisha, akaniambia, "Soma, mwanangu, usiwe na haraka."

Nikasoma. Mama alifumba macho, midomo yake ikinifuata. Kisha nikafika kwenye aya moja nikakwama. Neno likanipotea kabisa. Pale dirishani sauti ikalianza neno lile, taratibu, nami nikalidaka.

Mama akafumbua macho. "Nani huyo?"

Ningeweza kudanganya. Nikamtaja. "Ndiye mwalimu wangu, mama. Tangu mwanzo ni yeye."

Aligeuza macho dirishani. "Kumbe anajua kusoma?"

"Anajua kuliko sisi sote."

"Na yuko nje na mvua hii?"

"Yuko uani."

"Mwite."

Akaingia peku, kanga imelowa mabegani, akasimama mlangoni. Chumba kile hakupata kukiingia ila kwa kukifagia.

"Kaa," mama akasema.

Mwalimu akaanza kuchuchumaa sakafuni.

"Si hapo."

Mama yangu kwa miezi mingi tulikuwa tukimgeuza watu wawili. Alishika ubao wa kitanda kwa mkono wake mzima, akajivuta. Akapumzika, akihema, akajivuta tena. Nilipoinuka kumsaidia alinikata jicho, nikarudi nyuma. Aliendelea kujivuta mpaka shuka ikabaki wazi kando yake, nafasi ya mtu mmoja kukaa.

Mwalimu wangu akakaa. Tukaendelea na Yasini, sisi watatu, kuanzia aya ile niliyokwama.