Kahawa ya Kaka Yake Asimina

Watu wa mtaa wetu wa Nea Ionia, hapa Volos, Ugiriki, wakimtaja Asimina hutikisa kichwa na kusema yule dada ni malaika. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na saba, roshani yangu na yake zimetenganishwa na turubai tu, na nasema waache upuuzi. Alikuwa mshonaji, vidole vyake vimetobolewa na sindano, na alimtengenezea kaka yake kahawa mpaka roho ikamchakaa.

Mama yao alifariki Asimina akiwa na miaka kumi na tisa. Baba alishatangulia. Pale kitandani mama alisema, "Mtunze kaka yako," na Stergios, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mabega ya mpagazi wa bandarini, aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni na hakuyasahau maisha yake yote. Tangu siku hiyo hakujua hata sufuria huwekwa wapi.

Kahawa yake ilikuwa frape, glasi nne kwa siku, iwe joto, iwe baridi. Unaweka kahawa ya unga na sukari kwenye glasi ndefu, unatia maji kiasi cha kuilowesha tu, unaipiga kwa kimashine kidogo cha betri mpaka povu liwe zito. Ndipo barafu, maji baridi, maziwa ya kopo kidogo, na mrija. Sukari lazima iingie mwanzoni. Ukiisahau umeisahau, maana kwenye maji baridi haiyeyuki. Stergios alitaka vijiko vinne vya sukari na povu la vidole viwili, lisimame mpaka glasi inakwisha. Likizama kabla, aliimwaga kahawa kwenye chungu cha mrihani, akagonga glasi tupu kwa kijiko.

"We Asimina. Hii umeipigia wapi, kwenye ndoo ya kudekia?"

"Betri zimeisha nguvu, kaka."

"Na mikono nayo imeisha?"

Basi Asimina alichukua chupa yenye kifuniko akaitikisa kwa mkono, titi linacheza, jasho linamtoka, na Stergios akinitazama mimi juu ya turubai ananikonyeza.

Mwaka niliohamia alikuja karani mmoja wa forodha kumposa. Stergios alimkaribisha vizuri, akamwekea kiti, kisha akamwuliza mbele ya majirani, "Kijana, macho yako mazima? Umemtazama vizuri?" Tulicheka wote. Nilicheka na mimi, Mungu anisamehe. Karani hakumaliza hata kahawa yake, na Asimina akaosha glasi.

Hakuja mwingine hadi Asimina alipofika miaka hamsini na mitatu. Huyo alikuwa Zisis, mgane mfuga nyuki kutoka vijiji vya juu mlimani Pelio, aliyekuwa akimletea suruali za kupunguza. Suruali zikawa nyingi kuliko miguu. Mwanzoni mwa Juni akasema lake pale roshani, mimi nikisikia.

"Bi Asimina, mimi si mtu wa maneno. Sikukuu ya Mama Mtakatifu ikipita, tarehe kumi na sita Agosti, nitashuka na gari. Utapanda au hutapanda. Sitakuja mara ya pili."

Stergios alikuwa ndani, lakini masikio yake yalikuwa nje. Zisis alipoondoka aliuliza kitu kimoja tu. "Na mimi nani atanitengenezea kahawa?"

"Utajifunza, kaka."

"Nenda basi. Nenda kalambe asali. Mtaa mzima utajua kwamba umemtupa kaka yako mgonjwa."

Na kweli alikuwa mgonjwa. Mwezi wa Mei daktari alimwambia ana kisukari, tena kimepanda vibaya, asiguse vitu vitamu. Akaacha keki, akaacha matunda yaliyopikwa kwa sukari, akajisifu mtaani. Kahawa hakumtajia daktari. Kwetu hapa kahawa haihesabiwi chakula wala kinywaji, ni kahawa. Asimina alijua. Wiki nzima alimpelekea frape bila sukari, na wiki nzima aliitema. "Dawa ya mende hii," alisema. Walikuwa bado wanagombana hivyo Zisis alipokuja na habari ya tarehe kumi na sita.

Baada ya hapo ugomvi ukakoma. Asubuhi iliyofuata nilimwona Asimina dirishani jikoni, anachota sukari, anaimba. Vijiko vinne. Juma lililofuata vitano. Kufika Julai vilikuwa sita, na povu limesimama utadhani limetiwa simenti. Stergios alikunywa akashukuru. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema ahsante.

Nilimvuta Asimina pembeni kwenye ngazi. "Shoga, daktari alisema nini?"

"Alisema asile vitu vitamu. Kahawa si kula."

"Asimina. Nitazame."

Akanitazama. "Nampa anachotaka. Miaka yote hii nampa anachotaka, leo nianze kumnyima?"

"Si unaondoka Agosti? Muache na sukari yake."

"Nikimwacha hai, nitamsikia akigonga glasi mpaka kule mlimani," akasema polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Nataka nitoke mlango huu nimevaa nyeusi, Polixeni. Mwenye nyeusi hakuna wa kumnyooshea kidole. Zisis atasubiri siku arubaini. Kwa msiba kila mtu husubiri."

Ningeweza kusema. Ningeweza kumpigia daktari simu, au kumwambia Stergios mwenyewe. Nilirudi kwangu nikafunga mlango, kwa sababu nami nilimchukia yule mwanamume, na nilitaka kuona mwisho wake. Siku hizi nalala vibaya, na nastahili.

Kosa letu lilikuwa kudhani sukari inaua haraka. Mwisho wa Julai Stergios alikanyaga nungunungu wa baharini, ule mpira wa miiba unaokaa kwenye mawe. Miiba ikabaki unyayoni. Mtu mwingine angepiga kelele mpaka bandarini, ila yeye hakusikia kitu, mguu ulishakufa ganzi. Akatembea nayo siku kumi. Tulipomvua soksi kidole kilikuwa cheusi na chumba kikanuka, na hospitali wakamkata chini ya goti.

Daktari, msichana mpole, alituita ukumbini. "Nyumbani anakula nini, mama?"

"Kitamu hali," Asimina akajibu.

"Na kunywa?"

"Kahawa tu."

"Na sukari?"

"Kama anavyoipenda."

Yule binti akamshika bega. Alimwona mwanamke amekunja uso, akadhani ni hofu. "Usiogope, mama. Moyo wake ni wa fahali. Akiacha sukari na akipata wa kumtunza vizuri, ana miaka ishirini mbele yake."

Asimina alikaa chini palepale sakafuni. Nesi akamletea maji.

Tarehe kumi na sita Agosti gari lilisimama chini ya nyumba. Zisis akapanda ngazi kwa shati jeupe, akamkuta Stergios roshani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani. Nami nilikuwa pale, nimeleta supu. Zisis alitazama mguu uliokosekana, akafikiri kidogo, akasema jambo ambalo mwanamume mwingine asingelisema.

"Nina chumba cha chini, hakina ngazi. Twendeni wote."

Asimina aliinua uso. Sijapata kuuona uso ule, wala sitauona tena. Miaka ilimtoka usoni kama vumbi.

"Shemeji ana roho nzuri," Stergios akasema. "Basi ajue anachobeba. Ndugu yangu, mimi hukaa hapa na jikoni ni pale. Kijiko kikigonga mkebe nasikia. Vilikuwa vinne. Daktari akanikataza, vikawa vitano, vikawa sita. Nikasema moyoni, kumbe mdogo wangu ananipenda." Akacheka kidogo. "Mwulize kama naongopa. Mwulize na huyu Polixeni, naye anajua, dirisha la jikoni analiona."

Zisis alimgeukia Asimina. Alimpa muda, sana. Neno moja la uongo lingetosha, na nadhani alikuwa analiomba.

"Alitaka tamu," Asimina akasema.

Zisis akanitazama mimi. Nikatazama supu. Akaweka kofia kichwani, akasema kwaheri kwa heshima zote, na tukazisikia hatua zake zikishuka ngazi moja moja, kisha mlango wa gari, kisha gari likiondoka.

Asimina alisimama na mikono imening'inia. Stergios alivuta blanketi lake, akalinyoosha vizuri.

"Sitamwambia mtu," akasema. "Kaa tu. Sasa nitengenezee kahawa, tena usitie sukari hata chembe. Daktari amenipa miaka ishirini, na naitaka yote."