Mgeni Aliyetaka Kunipima Ufukweni

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala haikuwa usiku. Naanza na hayo kwa sababu najua mtakayoniuliza. Jua lilikuwa juu, nami nilikuwa nimeinama kwenye maji ya Ziwa Nyasa, pale kwetu Matema, mikono yote miwili ndani ya chungu cha kutegea kaa. Niliyoyaona niliyaona.

Zilikuwa enzi za Wajerumani. Ziwani walikuwa wameingia kaa wageni, weusi, wenye magando mekundu, ambao bibi zetu hawakuwajua. Walikata nyavu. Waliwamaliza kaa wetu wadogo wa kahawia. Kisha wakaanza kupanda mtoni na kutoboa matuta ya mpunga, maji yakakimbia shambani, mpunga ukakauka umesimama. Mjerumani mmoja, Mdachi kama tulivyowaita, aliyechunguza viumbe vya majini alitaka kujua wanaenea vipi. Mimi ni Mkisi, mfinyanzi. Nikafinyanga vyungu vya shingo nyembamba, nikawa navitia dagaa wa chambo na kuvizamisha kando ya ufukwe. Nikivitoa, nawapima kaa magamba kwa utete niliouchonga alama, kisha namwambia Mdachi wapi wameongezeka na wapi wamekua. Ujira wangu? Mume wangu, Anyosisye, asichukuliwe kubeba mizigo ya boma. Kaka yake alichukuliwa, hakurudi. Basi nielewe: ningepimishwa hata mamba, ningepima.

Watu walinitazama vibaya. Wifi yangu Sekela, aliyekuwa akinisaidia, aliacha.

"Wifi, hawa wana mwenyewe," aliniambia. "Mtu hapimi mifugo ya mtu bila ruhusa."

Nikamjibu, "Basi mwenye mifugo aje aifunge. Inakula shamba langu."

Akaja.

Siku hiyo kungu walitokea ziwani, wale wadudu wadogo wanaosimama juu ya maji kama moshi wa msitu unaoungua. Hilo kwetu si ajabu. Tunawakamata, tunawaponda, tunawafanya mikate, tunakula. Ila moshi ule ulikuja moja kwa moja kwangu, na upepo hakuna, ukanifunika mimi na vyungu vyangu. Nikaziba pua. Ulipopita, mzee mmoja alikuwa amesimama ndani ya maji. Nguo yake ya gome la mti ilikuwa kavu. Kavu! Mtu aliyetoka ziwani!

Nikamwamkia kama nilivyofunzwa, maana mkubwa ni mkubwa. "Mugonile, tata."

Hakuitikia. Akaanza kuja. Ee, ndugu yangu, hakuja kwa mbele. Alikuja ubavu ubavu, macho yamenikodolea bila kupepesa, na mchangani hakuacha nyayo. Aliacha vitundu, vingi, kama mtu anayechomachoma kwa vijiti.

"Unawapima wanangu," akasema, kwa Kikisi kizuri kuliko changu. "Leo nakupima wewe."

Mkononi alikuwa na utete mrefu, mbichi. Akaushusha kwenye kisigino changu. Unajua nani hupimwa hivyo, kisigino hadi utosi? Ni maiti, ili wachimbaji wajue kaburi liwe refu kiasi gani. Nilijua. Na utete uliponigusa, mguu wangu wa kushoto ukafa ganzi. Utete ukapanda gotini, ganzi ikapanda nao.

Nikimbie? Kwa mguu upi? Nisali? Sala zote nilizofundishwa misheni zilinitoka kichwani. Kilichobaki ni hasira, na niamini, ilikuwa nyingi.

"Wanao wamekula nyavu zetu," nikamwambia. "Wamekausha mpunga wetu. Kama wewe ni baba, ulikuwa wapi? Na mimi siachi. Nikiacha, mume wangu anakwenda kufa njiani na mzigo kichwani. Simtoi kwa boma, na sijitoi kwako!"

Nikaukamata ule utete kabla haujavuka kiuno. Ulinibana viganja kama gando. Nikauvunja. Kisha nikachomoa utete wangu mwenyewe, nikauweka kifuani mwake.

"Simama nami nikupime!"

Yule mzee alipepesa macho. Mara ya kwanza! Aliogopa, nakwambia.

"Usinipime," akasema, sauti ndogo.

Nikamfuata huku nauburuta mguu. Akarudi nyuma ubavu ubavu, maji yakamfika kifuani, yakamfika shingoni, na pale kilipokuwa kichwa nikaona gamba jeusi, pana kama ungo, likizama taratibu.

Sitakudanganya kwamba kaa waliondoka. Wapo hadi leo. Lakini kesho yake nilivizamisha vyungu vyangu tena, na Sekela akaja, akashika chungu kimoja. Anyosisye hakubeba mzigo wa mtu. Tumezeeka pamoja.

Mguu ndio haukupona. Kisigino hadi kiuno ni baridi. Kaa la moto likiuangukia, nalijua kwa harufu tu. Na kungu wakisimama ziwani, ngozi yake inakuwa ngumu, halafu inabanduka vipande vipande. Njoo uguse ukitaka.

Basi sikia. Ukikuta mgeni ufukweni, mwamkie. Asipoitikia, usimwache akupime, hata kwa macho. Na yeyote atakayekukataza kuchunguza kinachokula shamba lako, awe mzimu au mtu, mtazame tumbo. Ndiye anayeshiba.