Mjukuu wa Restuta Hasikii

Restuta Matonya si mtu wa makelele. Tuko naye jumuiya moja hapa Nzuguni tangu alipohama Haneti kumfuata binti yake, na kwa muda wote huo sijamsikia akimjibu mtu vibaya. Sokoni hupanga mafungu yake ya mlenda mkavu na karanga za kukaanga, akakaa akisubiri. Yeye haiti wateja kama wenzake. Mtu akilalamika kwamba karanga zimeungua, atasema, "Pole, baba, basi jaribu za jirani yangu," na kweli atamwonyesha meza ya jirani yake. Ndiyo maana siku aliyopaza sauti zahanati, waliokuwa kwenye foleni walidhani amepatwa na jambo.

Hakupatwa na jambo. Alikuwa amechoka.

Binti yake, Anitha, alijifungua kwa shida katika hospitali ya mjini. Mtoto wa kiume, wakamwita Denis. Baada ya kuzaliwa akawa wa manjano mpaka weupe wa macho, wakamlaza chini ya ile taa ya buluu. Akapona, tukamshukuru Mungu. Wakati wa kuruhusiwa, nesi wa wodi akawaambia kwamba mtoto aliyeugua manjano kali namna ile ni lazima apimwe masikio, akiwa bado mchanga hivyo hivyo. Wakaenda kwenye chumba cha kupimia. Mashine ni mbovu, rudini baadaye. Wakarudi. Fundi bado hajaja. Wakarudi tena, mlango umefungwa, na mwenye ufunguo yuko semina. Likizo ya uzazi ya Anitha ikaisha, akarudi kazini kwake kwenye kantini ya chuo, mtoto akabaki mgongoni kwa bibi, na habari ya masikio ikaishia hapo mlangoni.

Mungu anisamehe, lakini ufunguo wa chumba cha watoto wachanga unakwendaje semina?

Denis akakua, mnene, anacheka, hasumbui. Jumapili kwaya inaimba, spika imetegeshwa karibu na benchi letu mpaka meno yanatetemeka, yeye amelala kifuani kwa bibi yake kama yuko shambani. Watu walimpenda. Katekista alisema huyu mtoto ni mpole, ni msikivu, atafaa kwenda seminari. Restuta aliitikia amina, ila moyoni hakuwa na amani. Amelea watoto sita na anajua mtoto mchanga hushtuka.

Siku moja, anapika uji wa uwele uani, mfuniko wa sufuria ukamponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji nyuma ya Denis. Mtoto wa Bupe, mpangaji mwenzao kutoka Mbeya, alikuwa amelala ndani, chumba cha tatu, akaamka akilia kama amechomwa. Denis akaendelea kucheza na kizibo cha soda. Hakupepesa hata jicho. Restuta akauokota mfuniko, akautazama, akauangusha tena kwa makusudi. Bupe akatoka amefura.

"Bibi Denis, hivi wa kwangu amekukosea nini?"

Restuta akamwomba radhi. Lakini kuanzia hapo alikuwa na jambo la kusema, na sasa ndipo tabu ilipoanza, maana hakupata mtu wa kumwambia akaelewa.

Alimwambia nesi, siku ya kupima uzito. Kiswahili Restuta alikijua ukubwani, Kigogo ndicho alichonyonya, hivyo huchagua maneno machache yaliyonyooka. Akasema, "Nesi, mtoto huyu hasikii."

Nesi akacheka. Akasema bibi, nani anasikia siku hizi, wa kwake ana miaka tisa na hasikii la mama wala la mwalimu. Foleni nzima ikacheka. Denis akawekwa kwenye mzani, kadi ikaonyesha yuko kwenye kijani, mtoto mzuri, mwingine aje.

Mwezi uliofuata akamkuta nesi mwingine, Violeth, mwanamke mwema, lakini yuko peke yake na akina mama wamejaa mpaka nje. Restuta akarudia lilelile. Violeth akamtuliza kwamba huyu bado mdogo, asimchape, akikua atasikia tu. Asimchape! Restuta, ambaye hata kuku humfukuza kwa kumwomba.

Akarudi nyumbani akawaza, labda ni Kiswahili changu. Mwezi uliofuata tena akajipanga vizuri zaidi. "Masikio yake hayasikii," akasema. Violeth akachukua tochi akachungulia sikio hili na hili. Yanatoka usaha? Hayatoki. Anayashika shika akilia? Hashiki. Basi masikio ni mazima, bibi, nenda kwa amani.

Nilipomwambia Restuta kwamba lipo neno moja ambalo hakuna atakayelicheka, akainamisha kichwa. Neno hilo alilijua siku nyingi. Anitha ndiye aliyelikataza. Siku moja tu bibi wa watu alianza kusema, "Mwanangu, naona kama Denis ni ki…" na Anitha akamfunika mdomo kwa mkono. Si kwa ubaya. Alikuwa analia. Akasema mama usimtamkie mwanangu, maneno yanaumba. Bupe naye, ambaye husali sana na mimi simlaumu kwa kusali, akamuunga mkono: likitoka kinywani mwa bibi mzaa mama linamshika mtoto, heri kukiri uzima. Basi wakakiri uzima. Kila asubuhi wanamwambia Denis kwamba anasikia, na Denis anawatazama midomo anacheka.

Mimi pia naamini maombi. Lakini sijaona mahali katika Injili ambapo kipofu alikatazwa kusema kwamba haoni.

Miezi ikaenda hivyo. Mtoto wa Bupe akaanza kuita mama, kuita maziwa, kumtukana paka. Denis alikuwa na sauti moja tu, kama ya mtu anayesukuma kitu kizito. Hapo hata Anitha akaanza kuhangaika, ila alihangaikia mdomo. Akampigia simu shangazi yake Haneti, na shangazi hakusita: mtoto hasemi kwa sababu kimeo ni kirefu, kile kinyama cha kooni, kinamziba. Yupo mzee anayekata, amekata watoto wengi, waje Jumamosi. Anitha akaomba ruhusa kazini, akaanza kukunja nguo.

Restuta akaniambia haya sokoni, huku mikono inapanga karanga ambazo zilikwisha pangwa. Alizaliwa kulekule Haneti, na aliwahi kumwona mtoto aliyekatwa kimeo damu ikakataa kukauka. Akasema, "Wanataka kumkata koo kwa ajili ya masikio. Na mimi nimenyamaza tu."

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Anitha alipokwenda kazini, Restuta akambeba Denis akaenda. Akakaa kwenye foleni, akafika mbele. Violeth akampokea kwa shikamoo, akanyoosha mikono ampokee mtoto ampime uzito. Restuta hakumtoa.

"Marahaba. Usimpime uzito. Mjukuu wangu ni kiziwi."

Alilisema kwa sauti, wanasema mpaka walinzi wa getini walilisikia. Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu, kana kwamba neno linaruka. Violeth mwenyewe akashtuka, akamwambia kwa sauti ya chini bibi jamani, usimtamkie mtoto hivyo.

"Nimekwisha mtamkia," Restuta akasema. "Mara tatu nimewaambia hasikii, mnacheka. Kama nimemsingizia, mpimeni, mnionyeshe, nitatubu mbele ya hawa wote."

Violeth akamtazama mtoto. Akazunguka nyuma yake, akapiga makofi. Akachukua bakuli la chuma la vifaa akaligonga kwa mkasi. Watoto wote kwenye benchi waligeuka, mmoja akaanza kulia. Denis alikuwa anachezea kifungo cha bibi yake. Violeth akakaa chini. Hakuwa na mashine ya masikio pale, wala hawajawahi kuletewa, lakini aliandika rufaa ya kwenda hospitali na akaongeza kwa mkono wake kwamba mtoto aonwe haraka. Akamwambia Restuta pole, na Restuta akasema asante, na mimi nadhani wote wawili walikuwa na aibu bila sababu, maana wa kuona aibu hawakuwepo.

Kumbe Bupe alikuwa kwenye foleni ileile. Restuta alipofika nyumbani, Anitha alikuwa amekwisha pigiwa simu, na jioni aliingia kama upepo wa Septemba, na vumbi lake.

"Mama, umemfunga mwanangu kwa mdomo wako. Mbele za watu."

Restuta akamwambia amefungwa tangu alipozaliwa, yeye amesema tu anachokiona. Anitha akasema mengine ambayo sitayaandika. Mama yake akamwacha amalize, kisha akamuuliza jambo moja: "Kimeo kina masikio?" Anitha akachukua nguo akaendelea kukunja. Akamuuliza tena. Akamwomba Ijumaa tu, siku moja, waende hospitali na ile rufaa. Kama mlango utakuwa umefungwa tena, Jumamosi hatamzuia, waende Haneti.

Usiulize kwa nini aliahidi hivyo. Mimi nilimuuliza, na nilikasirika. Akasema mtoto ni wa Anitha. Ijumaa hiyo nilisali rozari yote kwa ajili ya mlango.

Mlango ulikuwa wazi. Mashine ilikuwa inafanya kazi, na kijana mpimaji, Gaudence, alikuwepo na ufunguo wake mfukoni. Alimwingizia Denis kitu kama kizibo laini sikioni, akatazama kwenye kioo, akahamia sikio la pili, akarudia yote mawili. Akasubiri mtoto asinzie, akambandika nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, akapima kwa njia nyingine. Halafu akawaeleza taratibu. Sikio la kushoto halipokei kitu. La kulia linapokea sauti kubwa mno tu, kama pikipiki ikinguruma sikioni penyewe. Inawezekana ni yale manjano. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni ambavyo vinaweza kumsaidia upande wa kulia, pamoja na kumfundisha alama za mikono, ila vianze sasa, kwa kuwa ubongo wa mtoto unajifunza lugha mapema na hauwezi kungoja.

Anitha akamwomba arudie. Akarudia. Kisha Anitha akauliza kama wakimkata kimeo haitasaidia.

"Dada, kimeo kiko kooni," Gaudence akasema. "Ukikata, utapata kiziwi mwenye kidonda."

Neno likawa limesemwa na mtu mwenye koti jeupe, na Anitha hakumfunika mdomo. Gaudence akaendelea kusema kwamba laiti wangemleta akiwa mchanga, vifaa angevianza zamani.

Restuta akamjibu kwa upole uleule wa karanga zilizoungua. "Tulimleta, mwanangu. Mlikuwa mmefunga."

Kijana akatazama karatasi zake. Ilikuwa si kosa lake, aliajiriwa majuzi. Ndivyo inavyokuwa siku zote, kosa ni la mtu ambaye hayupo.

Jumamosi hawakwenda Haneti. Shangazi alipiga simu mpaka chaji ikamwishia. Na usidhani vifaa vilikuwa vimewekwa mezani vinamsubiri Denis. Kwanza kuchukua umbo la sikio, ile plastiki ya kuingia sikioni ikatoka kubwa. Ikarudiwa, sikio likawa limekua. Bima ikataka muhuri, mwenye muhuri akataka bima. Anitha ndiye aliyefuatilia safari hii, kila ruhusa aliyopata kazini aliimalizia kwenye korido zile, na nyumbani mama na binti walizungumza ya chumvi na ya sabuni tu.

Siku ya kuvalishwa niliwasindikiza. Gaudence alimkalisha Denis kwenye mkeka na vibao vya kuchezea, akakiweka kifaa sikio la kulia, akakiwasha. Akampa Anitha kikombe cha bati na kijiko, akamsimamisha upande wa kulia, hatua chache nyuma ya mtoto, akamwambia agonge.

Akagonga. Denis akaacha kibao hewani.

Anitha akagonga tena. Mtoto akageuka, akatazama kushoto, ukutani, ambako hapakuwa na mtu. Anitha akataka kukimbilia upande ule ili amwone, na Restuta naye akainuka kitini anamwonyesha kwa kidole, huku, baba, huku. Gaudence akawazuia wote wawili. Akasema tafadhali kaeni mlipo. Mtoto ambaye hakuzoea kusikia hajui sauti inatoka wapi, hilo nalo ni la kujifunza, na mkimfuata kila anakogeuka hatajifunza kamwe. Itachukua muda mrefu, msitegemee leo.

Restuta akakaa, akasonya. Muda mrefu tena.

Anitha akabaki mahali pake na kikombe chake. Akagonga. Denis akatazama dari, akamtazama Gaudence, akanitazama mimi, akainua kibao akachungulia chini yake. Alitafuta kila mahali isipokuwa kwa mama yake, na mama yake, machozi yanamdondokea kwenye kikombe, akaendelea kugonga.