Wimbo wa Esnath, Mdundo wa Kila Mtu

Ukipita Makandana, hapa Tukuyu, ukasikia cherehani na mtu wanashindana kwa sauti, huyo ni dada Esnath. Anashona sare za shule huku anaimba. Wimbo wake, "Mkwe Kaja na Mvua", unapigwa kila harusi, kuanzia kijiji cha Masoko mpaka Igogwe, na kila mpiga video anauweka bibi harusi akishuka garini. Video zinazagaa mtandaoni. Jina la Esnath halimo hata kwenye moja.

"Wananicheza wasinijue," aliniambia. "Anania, si ulisomea kompyuta?"

Niliisomea nusu. Ila mtaani kwetu nusu diploma inatosha kuitwa injinia.

Nikamweleza: kampuni ya kusambaza muziki ikiikubali rekodi yako, mtandao unautambua wimbo hata kwenye video ya mtu baki, jina lako linatokea na mapato ya matangazo unayapata. Tukatuma. Jibu likaja: rekodi haistahili, mdundo wake umo kwenye nyimbo nyingine nyingi.

"Nimetunga mwenyewe!"

"Maneno umetunga, dada. Mdundo je?"

Tukamfuata Dennis, aliyemrekodi. Jamaa hana hata aibu.

"Niliutoa mtandaoni, wa bure. Halafu kila kwaya ikija inasema, tupe ule ule wa Esnath. Nifanyeje?"

"Yaani ulimuuzia dada bomba la mtaa," nikasema, "ukamwambia ni kisima chake."

"Na wewe maliza chuo kwanza."

Hapo alinipata. Lakini kosa halikuwa la Dennis peke yake. Huku kwetu wasindikizaji wa bibi harusi wanafanya mazoezi wiki nzima kwa mwendo mmoja, mbele mbili, nyuma moja, na mwendo huo umezoea mdundo ule. Nani angeomba mwingine?

Esnath akakataa kushindwa. Akawakusanya kina mama wa kwaya, shangazi yake Ikupa akashika ngoma, wakarekodi upya kwa ngoma, makofi na sauti zao tu. Mara mbili mvua ya Tukuyu iliimba nao juu ya bati, tukarudia. Tukatuma tena. Ikakubaliwa! Esnath alipiga yowe la furaha mpaka mteja akadhani kuna msiba.

Jumamosi ikaja harusi ambayo magauni ya wasindikizaji alikuwa ameyashona yeye. Akampa Lugano, mpiga video aliyeshika na muziki siku hiyo, rekodi mpya. "Uweke hii, mdogo wangu. Hii ndiyo yangu."

Bibi harusi akashuka. Ngoma ya shangazi Ikupa ikalia. Wasindikizaji wakaenda mbele mbili, ngoma ikawataka tatu. Wakakanyagana, kiatu kikabaki kwenye tope.

Mama Sekela, mama mzazi wa bibi harusi, akapaza sauti: "Lugano, zima hiyo! Weka wa Esnath!"

"Esnath si ndiye mimi!" dada akajibu. "Na huu unaolia ndio wangu!"

"Basi mwanangu, kama ni wewe unajua tunachotaka. Usituharibie shughuli."

Lugano akamtazama Esnath, akamtazama Mama Sekela aliyemlipa, akaweka ule wa zamani. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Simu zikainuliwa juu, zote zinarekodi wimbo usio na mwenyewe.

Nikageuka kumtania dada, nikakuta uso umekunjamana kama kitambaa kibichi. Chini, miguu yake ilikuwa inakwenda mbele mbili, nyuma moja.

"Usiniangalie," akasema.