Kiuno cha Tomoe

Katika mji wa Kiryu, Japani, msichana akitimiza miaka ishirini na mama yake akitaka kimono kimkae bila kunyanzi hata moja, anapelekwa kwa Tomoe. Tomoe ana mikono miepesi na kinywa kizito. Akishamfunga mtu mshipi mgongoni, hautelezi mpaka mwenyewe aamue kuuvua. Amewavalisha mabibi harusi, na sasa anawavalisha mabinti zao. Lakini yeye mwenyewe hakuwa na gauni hata moja. Magauni ya dukani yakimtosha mabegani, pindo linafagia sakafu. Pindo likikaa vizuri, mikono inambana.

Jambo hilo halikuwahi kumsumbua mpaka mumewe Kiyotaka alipostaafu ufumaji. Daktari alimshauri achangamshe miguu, naye akajiunga na kikundi cha dansi kwenye ukumbi wa mtaa. Kabla maua ya machipuko hayajafunguka kungekuwa na sherehe, kila mtu na mwenzake.

"Nitavaa kimono changu cha kijivu," alisema Tomoe wakiwa wanakunywa supu.

"Hicho hapana, Mama." Kiyotaka alimwita hivyo tangu walipopata mtoto wa kwanza. "Kwenye harusi ya mdogo wako nilikanyaga pindo, tukaangukia keki wote wawili. Vaa gauni, tutacheza. Kama huna, Mwalimu Shizue wa dansi amesema atanishika mkono."

"Mwalimu Shizue ana huruma sana."

"Ana subira. Huruma hana."

Tomoe alitabasamu, lakini aliliweka bakuli chini kabla hajalimaliza. Katika ndoa yao yote walikuwa wamecheza mara moja tu, ile ya keki. Alitamani mara ya pili, isiyo na keki.

Aliyempa matumaini ni Mitsuyo, msusi wa nyumba ya pili.

"Siku hizi huhangaiki na ramani ya nguo iliyochorwa kwa ajili ya mtu usiyemjua," alisema, akimfungulia tovuti kwenye simu. "Unajaza vipimo vyako, unachagua shingo na mikono, kompyuta inakuchorea wewe peke yako. Unachapa, unaunganisha karatasi, unakata kitambaa."

"Na vipimo vyangu anaviona nani?"

"Kompyuta tu."

"Na wewe?"

"Mimi si jirani yako, dada?"

"Ndiyo maana nauliza."

Maana habari yoyote iliyoingia saluni kwa Mitsuyo ilitoka ikiwa imeoshwa, imekaushwa na kupakwa mafuta. Basi Tomoe akarudi kwake, akafunga mlango, akajipima peke yake na kujaza kila kitu. Kwenye simu likatokea umbo la mwanamke aliyenyooka kama mwanzi, kifua sawa na kiuno, kiuno sawa na nyonga. Tomoe akaliona umbo zuri kabisa. Akaiinamia simu kidogo kwa shukrani.

Karatasi zilichapwa kwenye duka la kona. Kiyotaka alizitandaza kwenye mikeka, akatambaa nazo akiwa na selotepu mdomoni.

"Mama, hiki ni mkono au paja?"

"Fuata namba, Baba."

Kwenye karatasi ya kwanza palikuwa na mraba wa kuhakikishia kipimo. Aliupima kwa rula, ukawa sawa, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mfumaji kwa mfumaji mwenzake.

Tomoe alikata na kushona hadi usiku wa kuamkia sherehe. Asubuhi yake Mitsuyo alikuja kumtengeneza Tomoe nywele, akamkuta amesimama katika gauni jekundu. Mabega yalikaa. Mikono ilikaa. Pindo liliishia palepale palipotakiwa. Ila kiunoni angeweza kumkaribisha mgeni.

Kiyotaka alimzunguka taratibu. "Umefanana na lile sanduku la barua la zamani, jekundu na la duara, pale posta. Usisimame kando ya barabara, Mama, watu watakutumbukizia barua."

"Baba."

"Nasema tu." Akaupima mraba tena. "Kosa si la karatasi."

"Hebu nionyeshe ulivyojipima," alisema Mitsuyo.

Tomoe akafungua droo, akatoa taulo mbili, akazikunja, akazizungushia kiunoni juu ya gauni na kuzifunga kwa uzi. Alifanya hayo bila kutazama, kama mtu anayenawa mikono kabla ya kula. Kisha akachukua utepe wa kupimia.

"Dada," alisema Mitsuyo polepole, "taulo za nini?"

"Za kujaza bonde. Kiuno chenye bonde hakishiki mshipi, kila mteja lazima kwanza..." Akazitazama taulo.

Mitsuyo alikaa sakafuni. "Kompyuta imekuchora wewe na taulo zako."

Kulipunguza gauni kulimaanisha kufumua pande zote mbili, na sherehe ilikuwa saa nane. Kiyotaka aliangalia viatu vyake, alivyokuwa amevipiga rangi tangu jana.

"Nimpigie Mwalimu Shizue?" aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

"Mpigie," alisema Tomoe. "Mwambie apumzike."

Akalivua gauni, akazifunga taulo upya mwilini, akalivaa juu yake. Halikuwa na kunyanzi hata moja.

Ukumbini Kiyotaka alimshika kiuno. "Laini sana."

"Pamba tupu. Hesabu hatua."

Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri. Lakini Tomoe, ambaye mshipi wake haujawahi kuteleza, siku hiyo alikuwa amefunga kwa haraka. Uzi ukalegea. Taulo moja ikashuka taratibu, ikatua sakafuni, jina la duka la mchele lililoigawa bure likitazama juu. Mwalimu Shizue akafunika mdomo. Tomoe alisimama, akaiona keki ile upya.

Kiyotaka aliinama, akaiokota, akajifuta jasho nayo, akaitupia begani.

"Ahsante, Mama," alisema kwa sauti ya ukumbi mzima. "Nilikuwa naihitaji."

Akamnyooshea mkono. Sasa gauni lilikuwa na nafasi; walipozunguka likashika upepo, likafunguka kama mwavuli.

"Ya pili inatoka lini?" alinong'ona Kiyotaka.

"Ukiuliza tena, sasa hivi. Cheza, Baba."

Kesho yake alipimwa upya, bila taulo. Aliyeshika utepe ni Kiyotaka, naye alikuwa ameshachagua kitambaa cha bluu kwa sherehe ijayo. Mitsuyo aliita dirishani akiuliza kiuno kimefika ngapi.

"Mama," alisema Kiyotaka, akijaza kwenye simu kwa kidole kimoja, "funga dirisha."