Mke Wangu Nyuma ya Pikipiki, Siku ya Barafu

Shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire. Pikipiki sijaiacha mpaka leo. Nimeendesha kwenye matope ya Bukavu, na hapa Brussels baridi ikifika, vijana wenye diploma wanafunika pikipiki zao na turubai, mimi niko barabarani. Nasema bila aibu.

Asubuhi ile tramu ziligoma, na mke wangu alikuwa na mtihani wa kazi ya kutunza wagonjwa. Mtihani huo alishaanguka mara moja. Akikosa na huu, hakuna mwingine. Shule yake iko karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, sisi tunakaa Koekelberg, na mlango unafungwa neuf heures juste, saa tatu kamili. Taksi hakuna. Nikamwambia avae suruali mbili na kofia ya pikipiki, twende.

Bon, nilitengeneza kila kitu. Nilipima upepo wa magurudumu, nikafuta taa, nikavaa glavu juu ya glavu. Siku ya baridi kali mpira unakuwa mgumu kama ubao, donc unaondoka polepole, breki unaigusa kama yai, reli za tramu unazivuka ukiwa umezielekea moja kwa moja, kamwe si kwa ubavu. Tukashuka mpaka kwenye mfereji wa mashua unaopita mjini, barabara imemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, moyo wangu unaruka kama wa kijana. Nyuma maman, mke wangu, anaomba Mungu kwa sauti.

Halafu magari yakasimama, foleni haina mwisho. Mimi kungoja sijui. Nikakata kwenye kijia cha mawe kinachopanda kuelekea mji wa juu. Kosa ni langu, simsingizii mtu: chumvi haikufika kule.

Katikati ya mlima gurudumu la nyuma likateleza kidogo. Ningelirudisha. Lakini maman ni mutoto wa Bukavu. Kule pikipiki ikiteleza mlimani, abiria anaruka chini bila kuambiwa, anapanda kwa miguu. Akaruka. Pikipiki ikawa nyepesi ghafla, ikapinduka, nami nikalala juu ya mawe.

Yeye alikuwa wima, mfuko kwapani.

"Mbona unaruka?" nikamuuliza kutoka chini.

"Iliteleza, Papa. Ulitaka tuanguke wawili?"

Miguu mizima, mikono mizima, kioo kimoja kimevunjika. Neuf heures moins vingt, dakika ishirini tu kabla mlango haujafungwa. Nikataka kupanda tena, nitie gesi, nipande kwa nguvu kama kwenye matope. Akakataa. Akasema tusukume. Mimi, motard, mwendesha pikipiki mzee, nisukume pikipiki mbele ya madirisha ya watu? Nikamwambia sijawahi.

"Basi leo utajua," akasema. "Mimi huu mtihani siukosi kwa ajili ya kiburi chako."

Nikashika usukani. Yeye akasukuma kutoka nyuma na nguo zake za mtihani, ananifokea nikunje magoti, nisiumize mgongo, ndivyo wanavyofundishwa kuinua mgonjwa. Tulihema kama ng'ombe. Juu tukakuta barabara yenye chumvi, tukapanda, na Porte de Namur, karibu na shule, niliipita taratibu, nacheka ndani ya kofia peke yangu.

Mlinzi alishashika mlango. Maman akaruka kabla sijasimama vizuri, akaingia mbio na kofia kichwani, mlango ukafungwa nyuma yake. Nilibaki nje na pikipiki yangu.

Mtihani alipita. Kanisani anawaeleza watu kwamba siku ile ni yeye aliyenipeleka mimi.